Mtumbwi wa Mtu Mmoja: Ushauri kwa Anayetoka Oicha Kwenda Kuvua

Kijana wa Oicha anayeuliza kayaki inauzwa wapi ameanza na swali la pili. La kwanza ni hili: utavua maji gani, na utarudije ukingoni? Swali la kayaki limeongezeka tangu simu zianze kutuletea video za wazungu waliokaa peke yao katikati ya ziwa tulivu, fimbo mkononi na kofia kichwani, samaki wanatoka mmoja baada ya mwingine. Video hizo hazidanganyi sana. Mtu mmoja ndani ya chombo kidogo anaweza kuvua vizuri, hanunui mafuta, na hana moteri ya kuwafukuza samaki. Tatizo ni kwamba video inakatwa kabla upepo haujaanza. Mimi naanzia pale inapokatwa.

Kayaki yenyewe ni kazi ya Inuiti wa Greenland na kaskazini ya Kanada, waliotandaza ngozi ya sili juu ya kiunzi cha miti na mifupa wakapata chombo chepesi cha kuwindia baharini. Zile za wavuvi wa leo ni za plastiki nene. Mtu anakalia juu yake, haingizi miguu shimoni, na nyingi zina upana wa sentimita 80 hadi 90. Upana huo ndio unaomwezesha mvuvi kugeuka akamtoa samaki bila chombo kumgeukia yeye. Ndani yake kumefungiwa hewa, hata maji yakiingia juu haizami. Zipo hata za pedali, miguu ikifanya kazi mikono ikabaki huru. Ni kitu kizuri. Lakini ukikileta kutoka Kampala, ukapita Kasindi na forodha yake, ukakipakia tena juu ya lori mpaka ziwani, utakuwa umelipa pesa ya kukutengenezea mtumbwi wa mbao na chenji ikabaki. Na siku plastiki ikipasuka juu ya jiwe, utampata wapi wa kuiziba? Mbao inapopasuka kuna fundi mwenye nyundo, pamba na lami karibu na kila pwani ya wavuvi. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuchukua akili ya kayaki na kuiacha kayaki dukani.

Sasa maji. Oicha haina ziwa. Ina mito, na ina mabwawa ya samaki, zile etangi ambazo watu wamechimba mabondeni wakaweka tilapia. Ziwa letu ni Edouard, na kwa mtu wa teritware ya Beni mlango wake ni Kyavinyonge, kwenye pwani ya kaskazini, si mbali na Ishango ambako Mto Semliki unatoka ziwani kuelekea Ziwa Albert. Ukipitia Butembo, kutoka Oicha hadi Beni ni kama kilomita 30, na kutoka Beni hadi Butembo ni kama 54 nyingine. Barabara ipi inapitika wiki hii, ulizia parkingi, usiulizie makala.

Ziwa hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 2,300, na zaidi ya thuluthi mbili ziko upande wa Kongo. Jambo ambalo mgeni halioni akiwa amesimama ukingoni ni kwamba kitako cha ziwa kimeinama. Upande wa Uganda maji ni mafupi kwa mwendo mrefu. Upande wetu wa magharibi, chini ya milima ya Mitumba, kina kinazidi mita 110, na si mbali na nchi kavu. Maana yake kwa mwenye chombo kidogo ni ya moja kwa moja: kamba ya nanga yenye mita 20, inayotosha mahali pengine, huku inaweza kuning'inia bila kugusa chini, na wewe unadhani umesimama kumbe unasukumwa.

Tena ziwa hili, upande wetu, liko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuingizwa katika urithi wa dunia wa Unesco mwaka 1979. ICCN, taasisi ya taifa ya hifadhi, ndiyo inayoisimamia. Uvuvi haukukatazwa, ila una mahali pake: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma ndizo peshri, yaani vijiji vya wavuvi, zinazotambuliwa tangu zamani. Chombo lazima kiandikishwe na kuwa na namba. Wavu wenye matundu yaliyo chini ya inchi 4.5, yaani kama sentimita 11, ni haramu. Sehemu wanakozalia samaki hazivuliwi. Kwa hiyo kabla hujatoa hata franga moja kwa fundi, nenda kwa kamati ya wavuvi ya Kyavinyonge ukaulize kama mtumbwi wa mtu mmoja, wa ndoano, unakubaliwa, na kwa masharti gani. Wakikuambia hapana, usitafute njia ya usiku. Ingia kwanza katika timu ya mwenye pirogi kubwa kama mpiga kafi. Mimi hata wakisema ndiyo ningekushauri ufanye hivyo kwa msimu mzima. Utalipwa kidogo, lakini utajua jina la kila upepo, na watu watajua jina lako. Hilo la pili lina faida kuliko la kwanza siku ukichelewa kurudi.

Tuseme umekubaliwa na una fundi. Mwambie urefu wa mita 4 unatosha, na upana pale utakapokaa usipungue sentimita 70. Mafundi wengi watakutengenezea chombo chembamba kwa sababu chembamba kinakimbia. Wewe hushindani na mtu. Kaa chini kabisa, karibu na sakafu, si juu ya ubao uliopigiliwa kwenye midomo ya mtumbwi, kwa kuwa kila sentimita unayopanda inakusogeza karibu na kupinduka. Mtumbwi ukiisha, uache majini usiku kucha karibu na ukingo, ukiwa mtupu, kisha asubuhi uende na tochi uangalie maji yameingilia wapi. Maji kidogo siku ya kwanza si ajabu, mbao inavimba na kujiziba yenyewe. Yakiendelea siku ya tatu, mrudishie fundi.

Halafu fanya jambo ambalo sioni likifanywa na wengi, na linagharimu bei ya bidoni mbili. Tafuta bidoni mbili za njano za lita 20, tupu, zifunge vifuniko kwa mpira wa chemba ya piki ili hewa isitoke, kisha moja ifunge kwa nguvu ndani ya mtumbwi mbele kabisa na nyingine nyuma kabisa. Kila moja ikizamishwa inainua karibu kilo 20. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji hauzami, ila unakaa sawa na uso wa ziwa, na kila ukichota wimbi linarudisha. Ukiwa na bidoni, midomo yake inabaki juu, na mtu anaweza kuyatoa maji akaendelea na safari. Hiyo ndiyo akili ya kayaki niliyoisema, hewa iliyofungiwa. Zifunge kwa kamba inayopita chini ya ubao, si kwa kamba ya kufungia mbuzi iliyozungushwa mara moja. Bidoni isiyofungwa vizuri ndiyo ya kwanza kukimbia.

Kila kitu kingine nacho kiwe na kamba yake: kafi, kopo la kuchotea maji, kisu, mfuko wa chambo. Kafi ifungwe kwenye mtumbwi, usiifunge mguuni wala kiunoni. Na ziwe kafi mbili. Ile ya pili haihitaji kuwa nzuri.

Mazoezi ya kuanguka uyafanye Oicha. Naona nyuso zikikunjamana: nani ataniachia bwawa lake nimwogopeshe samaki? Mtafute mwenye etangi ambaye anakaribia kulikausha ili avue, umwombe kwa heshima, umsaidie kazi siku ya kuvua. Maji ya mita moja au moja na nusu yanatosha, matope ya chini hayaumizi, na hakuna kiboko. Kama bado huna mtumbwi wako, hata mbovu wa kuazima unafaa. Ingia, kaa, uuinamishe kushoto mpaka maji yaguse mdomo, uurudishe. Kisha kulia. Utashangaa jinsi mtumbwi unavyovumilia ukiwa umekaa chini na magoti yamebana pande, na jinsi usivyovumilia hata kidogo ukisimama. Kisha upindue makusudi, ukiwa umevaa nguo zile zile utakazovaa ziwani.

Ukiwa majini, kazi ya kwanza ni kuushika mtumbwi. Kafi, samaki, simu, vyote ni baadaye. Watu wanaoweza kuogelea ndio wanaojidanganya hapa: anaona ukingo karibu, anauacha mtumbwi, na ukingo unakuwa mbali kuliko ulivyoonekana. Mbao inaelea, wewe unachoka. Ugeuze ukae sawa, uchote maji mengi uwezavyo ukiwa bado nje, kisha upande kutoka nyuma, si ubavuni. Ubavuni utauvuta ukuangukie. Nyuma unaweka mikono miwili, unapiga miguu mpaka mwili ulale juu ya maji, unajivuta kifua kwanza, halafu miguu inatanuka pande mbili kama unapanda piki, na unajisogeza mbele ukiwa umeinama hadi mahali pako. Mara ya kwanza hutaweza. Rudia mpaka uweze ukiwa umechoka, maana ziwani hutaanguka ukiwa na nguvu za asubuhi.

Na jaketi okozi, lile ambalo kwetu wengi wanaliita jile, livaliwe kwenye mazoezi hayo hayo. Mwombe mwenzako alivute juu kwa mabega: likifika masikioni, ni kubwa au halikufungwa. Jile la sokoni lililojaa sponji ya godoro linakunywa maji, lijaribu bwawani kwa nusu saa nzima. Jile linalokaliwa limekuwa mto wa kukalia, na siku ya shida hakuna muda wa kulivaa.

Nakuja kwenye upepo, na hapa naomba usome polepole.

Usiku milima inapoa haraka kuliko ziwa. Hewa baridi inateremka kutoka milimani kuelekea majini, na alfajiri unaikuta bado inapuliza, nyepesi, mgongoni kwako unapoondoka. Ni tamu. Kafi inaingia mara chache na mtumbwi unaenda. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko ziwa, na upepo unageuka, unatoka ziwani kuja ukingoni, mara nyingi ukiwa na nguvu zaidi, na mawimbi yake yana umbali wote wa ziwa wa kukulia. Mtu akiisikia habari hii mara moja anafurahi: asubuhi nasukumwa kwenda, mchana nasukumwa kurudi! Hesabu hiyo imewapoteza wengi. Kati ya upepo wa kwanza na wa pili kuna saa za ukimya, na upepo wa pili hauna saa ya kuahidi. Siku nyingine hauji. Siku nyingine unakuja na mvua na radi, hasa katika miezi ya mvua, kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Agosti hadi Novemba. Chombo kidogo kinachorudishwa na mawimbi kutoka nyuma kinageuzwa ubavu kabla mwenyewe hajajua kilichotokea.

Kwa hiyo usipime umbali kwa kwenda, upime kwa kurudi. Baada ya robo saa ya kwanza ya kwenda, geuza mtumbwi upige kafi kurudi kwa dakika tano. Ukiona ukingo hausogei kama ulivyotarajia, umeshafika mwisho wako wa siku hiyo, hata kama wenzako wa pirogi kubwa wanaendelea. Wao ni watatu au wanne na pengine wana moteri.

Kujua kama unasukumwa, usiangalie maji. Chagua vitu viwili ukingoni vilivyo kwenye mstari mmoja, tuseme mti mkubwa karibu na maji na paa la bati nyuma yake. Acha kupiga kafi. Paa likianza kutoka nyuma ya mti upande wa kulia, unaenda kulia. Likikaa, umekaa. Fanya hivyo kila unapotupa nanga, kwa sababu nanga inayoteleza haipigi kelele. Nanga yenyewe inaweza kuwa jiwe ndani ya kipande cha wavu mbovu, lakini kamba iwe na urefu wa mara tatu ya kina, na ifungwe kichwani mwa mtumbwi. Usiifunge ubavuni hata kwa dakika moja ukimtoa samaki. Mtumbwi uliofungwa ubavu unapokea wimbi mahali ambapo hauna nguvu. Kisu kikae mahali ambapo mkono unafika bila kutafuta, maana ipo siku nanga itakwama na utahitaji kuikata na kuiacha, na utaiacha bila kuihesabia bei.

Dalili za dhoruba nitazitaja kwa ufupi kwa kuwa Kyavinyonge watakufundisha vizuri kunizidi: wingu jeusi lililoshuka chini juu ya milima, baridi ya ghafla, na mstari mweusi juu ya maji unaokuja kwako. Ukiuona mstari huo umechelewa kukimbia. Piga magoti sakafuni, elekeza kichwa cha mtumbwi kwenye mawimbi, tupa ndoo iliyofungwa kamba kutoka mbele ili ikivute na kukuweka sawa, na utumie kafi kwa kusahihisha tu. Dhoruba za namna hii aghalabu hazichukui muda mrefu. Anayejaribu kuishinda mbio ndiye anayeonyesha ubavu.

Samaki sasa, maana ndio uliowafuata. Tilapia anakaa kwenye maji mafupi, karibu na majani, anakula polepole, na ndoano ndogo yenye mnyoo na kiboya chepesi inamfaa. Ila ujue namna anavyozaa: dume anachimba shimo kwenye mchanga wa maji mafupi, jike anataga hapo, kisha anayachukua mayai mdomoni na kuyalea humo, hata vitoto vinakimbilia mdomoni mwa mama. Ukimvuta jike wa namna hiyo atatema kizazi chote pembeni ya mtumbwi. Ndiyo sababu sehemu za mazalio zimefungwa, na ndiyo sababu mimi naona mtu wa ndoano aende mbele kidogo, kwenye maji ya mita kadhaa, akamtafute bagrus.

Bagrus, yule asiye na magamba na mwenye sharubu ndefu, anawinda gizani na anakula samaki wadogo. Saa yake nzuri kwa mtu asiyelala ziwani ni alfajiri, kabla jua halijakaza. Chambo ni kisamaki kidogo kilicho hai, kinachochomwa nyuma ya pezi la mgongoni ili kiendelee kuogelea, na chubwi ya kukishusha karibu na chini. Kambale unamkuta karibu na mafunjo na midomo ya vijito, na yeye hachagui, hata matumbo ya kuku anakula.

Mshipi wa mkono unakutosha. Uzungushe kwenye kibao, si kwenye chupa inayobiringika. Usiuzungushe kwenye kidole, wala usiuache ujikunje sakafuni miguuni pako, maana samaki akikimbia, mshipi unaotoka unatafuta kitu cha kunasa na kidole cha mguu kiko karibu. Samaki akishika, kaa. Mikono ivute kutoka tumboni, mabega yabaki katikati ya mtumbwi. Mwache akimbie mara mbili, mara tatu, akichoka anainua kichwa mwenyewe. Hapo mlete sambamba na nyonga yako, si mbele wala nyuma ambako itakubidi ujinyooshe. Kambale na bagrus wote wana mwiba mgumu kila upande nyuma ya kichwa, wa kambale una meno kama msumeno, na jeraha lake linaumuka. Mshike kwa kitambaa kilicholowa, kiganja kikitokea chini, vidole vikipita nyuma ya miiba. Mpige kichwani akiwa bado nje ya mtumbwi, ndipo umwingize ndani ya gunia lililolowa kati ya magoti yako. Samaki hai anayerukaruka sakafuni mwa mtumbwi mdogo anaamua yeye mtalala wapi.

Kamongo ni habari nyingine. Anapumua hewa, hachoki upesi, na mdomo wake unaweza kuondoka na kidole. Akiwa mkubwa, kilo 10 na kuendelea, kata mshipi. Najua bei yake sokoni. Ukiwa peke yako, kata.

Wengine watataka kutega mshipi mrefu wenye ndoano nyingi. Inafaa, lakini mtu mmoja asizidishe ndoano 30. Zipange kwa kuzichomeka mstari mmoja kwenye kipande cha mgomba kilicholowa, kila moja na chambo chake tayari, na utege ukisukumwa na upepo, ndoano zikitoka upande wa pili wa mahali ulipokaa. Zikianza kushikana, usizifungue pale. Zitupe zote kwenye ndoo, nenda ukazifungue nyumbani ukinywa chai.

Viboko wamo, na bila wao samaki wangekuwa wachache: mavi yao ndiyo mbolea ya ziwa. Katikati ya miaka ya 1970 walihesabiwa karibu 29,000 katika hifadhi hii. Vita na ujangili viliwashusha, na kufikia 2005 hawakufika hata 1,000. Wameanza kuongezeka tena tangu hapo. Kwa mwenye chombo kidogo sheria ni moja, usiingie kati ya kiboko na maji marefu, kwa kuwa akiogopa anakimbilia huko na atapita ulipo. Ukiona amezama usisubiri uone atatokea wapi. Gonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi unapokaribia mafunjo ili ajue unakuja, na jioni usitue mahali penye njia zao za kupandia malishoni. Na ukimkuta amekufa anaelea, mpite. Mwezi wa Aprili 2025 viboko wapatao 50 walikufa kwa kimeta kusini mwa ziwa, kwenye Mto Ishasha na kandokando yake. Nyama ya mnyama aliyekufa kwa kimeta inaua aliyemchuna kama inavyoua aliyemla.

Maji ya kunywa yatoke nyumbani, yamechemshwa au yametiwa dawa. Kipindupindu kinarudi mara kwa mara katika vijiji vya wavuvi, na jua la ziwani linamfanya mtu asahau alichoambiwa.

Kuhusu usalama nitasema machache tu. Mpaka wa Uganda unapita katikati ya maji na hauna alama unayoweza kuiona ukiwa umekaa chini kwenye mtumbwi. Wakongomani wengi wamekamatwa wakidai hawakujua wamevuka, na mwezi wa Julai 2018 askari wa majini wa nchi hizi mbili walirushiana risasi ziwani. Kusini, waasi wa M23 waliingia Vitshumbi mwezi wa Machi 2024. Kwa mwenye kafi hesabu ni rahisi: paa za Kyavinyonge zisipotee machoni pako, na uwe umerudi mchana. Nakala ya kitambulisho na karatasi ya chombo ziwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa shingoni. Wako wengi kutoka Oicha walioacha mashamba ya kakao na mpunga kwa kuogopa waasi wa ADF, wakaliona ziwa ni mahali penye amani. Pana amani zaidi siku nyingine. Uliza kila asubuhi, kwa watu wawili wasiofahamiana.

Kabla ya kuondoka mwambie mtu mmoja aliyebaki pwani unaelekea upande gani na saa ngapi aanze kukutafuta. Afadhali awe mama mnunuzi wa samaki. Wanaume wa pwani wataahidi halafu waende kulala, lakini mama aliyekupa chambo kwa deni anakungoja kweli.

Ukirudi, usiwaache samaki juani ukihadithia. Watoe matumbo mara moja, mbali na mahali watu wanapochota maji, uwaoshe kwa maji safi, uwafunike kwa majani ya mgomba yaliyolowa. Kama gari la Butembo limeshaondoka, bagrus na kambale wachanwe mgongoni, watiwe chumvi na kuwekwa juu ya moshi jioni ile ile. Tilapia anaweza kulala usiku mmoja kama una barafu, na kama huna muuze hapo hapo kwa bei ya pwani. Bei ya Oicha ni nzuri zaidi, lakini ni ya samaki aliyefika akiwa mzima, na baina yake na wewe kuna vizuizi vya barabarani ambavyo kila kimoja kina tumbo lake. Ondoa pesa ya vizuizi hivyo kwanza, ndipo umwambie mama bei yako.